Siku Nyapara Alipokataa Kutapika

Harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochacha haisahauliki ukishainusa pamoja na hofu. Wiki iliyopita mbwa wa mwenye nyumba wangu alitapika chini ya dirisha la chumba nilichopanga hapa Makambako, karibu na njia panda ambapo malori huachana, mengine yakishika njia ya Mbeya na mengine yakipanda Njombe. Mama mwenye nyumba akanigongea mlango.

"Mwalimu, njoo umwangalie huyu. Wewe umesoma."

Nimetoka chuoni juzi tu, na huko hakuna aliyenifundisha lolote kuhusu mbwa. Mimi ni mtu wa kujiuliza mara nyingi kabla ya kujibu hata swali la chumvi. Lakini nilijisikia nikisema bila kusita: "Asipewe chakula mpaka kesho. Maji, kidogo kidogo. Kesho kiazi cha kuchemsha, kisicho na chumvi." Alinitazama kwa heshima, akaenda. Nikarudi ndani, nikafunga mlango. Maneno niliyoyasema hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama.

Ninyi mliokulia kule juu kama mimi mtakumbuka asubuhi za kipindi cha baridi, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda na moshi wa kuni za miwati ukikataa kupanda, ukilala juu ya mapaa kama mtu mgonjwa. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Njombe mjini. Nyumbani tulikuwa watu watatu: mama, mimi, na bibi aliyemzaa baba. Baba alikuwa kibarua wa barabara, huku huku Makambako, na alikuja mwisho wa mwezi juu ya lori, vumbi jekundu likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi.

Na tulikuwa na mbwa. Baba alimwita Nyapara, kwa sababu, alisema, ana tabia zote za nyapara wake wa kazini: wenzake wakilima yeye amelala kivulini, na chakula kikiiva ndiye wa kwanza kufika. Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, mvivu kweli. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda watu wengi.

Mama hakuwa mtu wa pale. Alitoka Bulongwa, kwa Wakinga, na ingawa aliolewa kanisani na kuimba kwaya pamoja na wanawake wengine, walipokasirika walisema "hawa watu wa milimani," kana kwamba sisi tulikaa bondeni. Baada yangu hakupata mtoto mwingine. Niliyasikia hayo mawili yakitajwa pamoja mara nyingi, Bulongwa na tumbo lake, na nikiwa mtoto niliamini kwamba moja lilisababisha lingine.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Zakayo, ng'ambo ya kijito. Alikuwa na Zakayo, mkubwa kuliko mimi, kisha akapata mtoto wa kike ambaye mama alimbeba mgongoni mara kwa mara kama wake. Siku moja Mama Zakayo alichelewa shambani, mtoto akalia sana, mama akampikia uji wa ulezi, akampa.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwetu mtu anayetoa chakula huonja kwanza mbele ya anayepewa. Ukimpelekea jirani togwa, unapiga funda moja wewe, ndipo unampa. Hakuna aliyesema kwamba ni kwa ajili ya sumu. Ilikuwa adabu, kama mwanamume kuvua kofia kanisani. Siku ile mtoto alikuwa akilia mpaka sauti inakatika, na mama akamwekea uji mdomoni bila kuonja. Mwanamke mmoja aliyepita na kuni alimwona. Siku chache baadaye mtoto akashikwa na kuhara, na kabla hawajamfikisha hospitali ya misheni, akafa njiani mgongoni mwa mama yake.

Nilisikia maneno kisimani. Nilikuwa nimeinama nyuma ya matete nikisugua mtungi, hawakuniona.

"Hakuonja."

"Labda alisahau."

"Mtu husahau chumvi. Kuonja unasahauje?"

"Zamani mambo haya yalikuwa rahisi. Mbwa wake angepewa mwavi, na maneno yangekwisha siku hiyo hiyo."

"Nyamaza, kuna mtoto pale."

"Mtoto wa nani?" Kisha mmoja akaniamkia kwa sauti tamu mno, "Kamwene, binti," nikaitikia, nikaondoka na mtungi haujajaa.

Bibi alikuwa akimenya njegere mlangoni. Nilikaa karibu naye, nikamenya chache, ndipo nikauliza.

"Bibi, mwavi ni nini?"

"Nani amekutajia?"

"Watu tu."

"Watu tu wana midomo mirefu." Aliendelea kumenya, nikadhani hatajibu. "Ni gamba la mti. Zamani mtu akisingiziwa uchawi alinyweshwa. Wengine hawakunywa wenyewe, alinyweshwa kuku wao, au mbwa wao. Akitapika, mwenyewe hana neno, watu wanarudi makwao."

"Asipotapika?"

Alipuliza maganda yaliyokuwa mapajani. "Anakufa. Na mwenyewe anafungashiwa virago. Lakini hayo ni ya zamani. Sasa Serikali inafunga watu, na mchungaji anawatenga. Menya njegere."

Wengine wangetulizwa na hayo. Mimi nilikaa nayo. Niliwaza kwamba kitu kisichokuwapo hakuna anayehangaika kukikataza. Kama Serikali inafunga watu kwa ajili ya mwavi, basi wako watu wenye mwavi. Nilijua pia maana ya kufungashiwa virago, kwani nilishamwona mwanamke mmoja akipita na mzigo kichwani, akirudi kwao, na watoto wake wamesimama kwa baba yao wakimtazama. Watoto hawaendi. Watoto ni wa upande wa baba. Bulongwa ilikuwa mbali, nyuma ya milima niliyoiona kwa bluu tu siku isiyo na ukungu. Tangu siku hiyo nilianza kuitazama milima ile kila asubuhi, nikifurahi ikiwa imefunikwa.

Siku ya kuondoa matanga baba yake Zakayo alichinja nguruwe. Tuliusikia mlio wa nguruwe kutoka kwetu. Baadaye harufu ya ngozi inayounguzwa nywele ikavuka kijito. Kila nyumba iliyolala msibani hupelekewa fungu lake la nyama, na mama alikuwa amelala kule usiku wote wa matanga, pembeni, karibu na mlango. Alikaa akisubiri fungu. Hakusema anasubiri, lakini alifagia uani, akafagia tena mahali alipokwisha kufagia. Kesho yake akaingia jikoni kusaga mahindi juu ya jiwe, na akasaga kwa nguvu hivi kwamba hakuweza kusikia lolote.

Mimi nilikuwa shambani, chini kidogo ya nyumba, nikichimba viazi. Ukungu ulikuwa unapita vipande vipande. Katika nafasi moja nilimwona Mama Zakayo amesimama penye uzio wetu, shuka jeusi limemfunika mpaka kichwani. Hakupiga hodi. Aliinama, akaweka kitu chini, au akamwaga kitu, sikuona, kwa maana matuta ya viazi yalikuwa mbele yangu. Nikamwona Nyapara akienda kwake akitikisa mkia. Mama Zakayo akakohoa, akageuka, akaondoka upesi bila kutazama nyuma. Ukungu ukafunga.

Nilibaki nimepiga magoti, jembe mkononi. Sikumwita mama. Kama angejua kwamba wamempima, nilidhani, angeona aibu, na aibu ingemuua kabla ya mwavi.

Jioni ile Nyapara hakuja chakula kilipoiva. Nilimkuta nyuma ya kihenge, mgongo umepinda kama upinde, mate yanamning'inia, anakula majani. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Tumbo lake lilikuwa gumu. Halafu akaharisha, maji matupu yenye harufu mbaya, mara moja, mara nyingine tena, akijaribu kila mara kusogea mbali kidogo na nyumba kwa heshima. Lakini hakutapika. Alijaribu. Mbavu zilibana, shingo ikanyooka, sauti ikatoka kama ya mlango wenye kutu, na mdomoni hakuna kitu.

Mama alikuja na taa ya chemli. Alimshika tumbo, akamfunua ufizi kwa kidole.

"Amekula nini?"

Niliinama nikamfuta mbwa mate. Bibi akasema kutoka mlangoni, "Akitapika atapona."

Bibi alisema hivyo kama ambavyo angesema kwa mtoto au ndama yeyote. Mimi nilisikia hukumu. Nilimtazama mama nione kama naye amesikia, lakini mwanga wa taa ulikuwa chini na uso wake ulikuwa gizani.

"Asipewe chakula," mama alisema. "Hata mfupa. Leta maji, siyo mengi. Akinywa mengi tumbo litazidi kumkata."

"Mpe maziwa," nikasema. Nilifikiri maziwa yatamtapisha.

"Maziwa yatamwongezea. Maji tu, kwa kiganja. Tumbo liachwe lipumzike."

Nilitaka kumwambia kwamba lisipumzike. Nilitaka kumtia kidole kooni, nikaogopa meno yake, nikaogopa zaidi mama kuuliza kwa nini. Tukamwingiza jikoni kwa sababu nje kungeganda, akalala karibu na moto, na kila alipoanza kubana mbavu mimi nililala macho wazi nikisema moyoni, sasa, sasa. Kisha alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kuguna. Nilipitiwa na usingizi nikiwa nimeshika mkono wa mama, ingawa nilikuwa nimeshakua mkubwa kwa jambo hilo.

Niliamshwa na baridi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na mahali pa Nyapara palikuwa patupu. Mama alikuwa amesimama nje bila kitu mabegani, miguu mitupu juu ya nyasi nyeupe, mgongo wake kwangu. Nilijua Nyapara amekufa. Niliona tayari mzigo kichwani mwa mama, na njia, na milima ya bluu.

Bibi alipita mbele yangu akijikongoja na fimbo yake. "Ametapika?" aliuliza.

"Ametapika," mama akasema.

Nilitoka. Nyapara alikuwa amelala kando, amechoka, lakini mkia ulipiga chini mara moja aliponiona. Mbele yake kulikuwa na rundo la kitu chenye mvuke, na harufu ile, mafuta yaliyochacha, ikiwa imejaa hewa yote ya asubuhi. Mama alichuchumaa juu ya matapishi yale. Alikuwa na kijiti, akiyatenganisha polepole, kama mtu anayechagua mawe katika mchele. Nilidhani anatafuta gamba la mti. Sikuelewa wakati ule, na hata sasa sina hakika ninaelewa, lakini nakumbuka vizuri kwamba kijiti kilikuwa kinatetemeka.

Alivuta kipande pembeni. Kisha kingine. Vilikuwa vipana, vyeupe, vimejikunja, na upande mmoja vina nywele fupi zilizoungua.

"Ngozi," bibi akasema.

"Ngozi ya nguruwe. Na mafuta yake. Tazama, ni nyama ya kutosha nyumba nzima. Ndiyo maana tumbo limemshinda."

"Sisi hatuna nguruwe."

"Hatuna," mama akasema. Wakatazamana. Katika kijiji kizima nyumba iliyochinja nguruwe ilikuwa moja.

Hapo sauti yangu ilitoka yenyewe. "Nilimwona Mama Zakayo. Jana, penye uzio. Aliinama, Nyapara akamfuata. Hakupiga hodi."

Mama aligeuka. "Alikohoa?"

"Alikohoa."

Bibi alijipiga paja. "Angepigaje hodi naye hajanyolewa nywele za matanga? Mwanamke mwenye msiba haingii nyumba ya watu wala haiti. Anaacha kitu mlangoni, anakohoa. Na wewe ulikuwa unasaga kama unamsaga mtu."

Tulikuta kikapu chini ya kihenge, kikapu kidogo cha majani ya milulu, kazi ya mkono wa Mama Zakayo, ulionekana kwa ule mstari mwekundu aliopenda kuusuka. Nyapara alikuwa amekitafuna kitako kwa ajili ya mafuta. Mama alikichukua, akakigeuzageuza. Halafu akacheka, kicheko kifupi kilichokwama, akafuta macho kwa kiganja cha mkono uleule uliokuwa na kijiti.

"Fungu langu," alisema. "Lililetwa."

Mchana alimpa mbwa kiazi cha kuchemsha, kimepondwa, bila chumvi, kiasi cha ngumi, na baadaye kidogo tena. Nyapara alikula kwa aibu. Mama alikaa juani na milulu mibichi, akashona kitako cha kikapu. Mimi nilijua kwamba kikapu hakirudishwi kitupu. Nikamwona anaingia ndani na kutoka na unga wa ulezi.

Bibi naye aliuona. "Weka viazi."

"Viazi anavyo, mama."

"Basi njegere. Ulezi usiweke. Unatafuta maneno."

"Maneno yapo tayari," mama akasema. "Nikiogopa kupeleka ulezi leo, nitauogopa maisha yangu yote."

Bibi alitafuna ufizi. Mwishowe akasema, "Mtoto aende nawe. Wakikufukuza, awe shahidi."

Tulivuka kijito. Mama Zakayo alikuwa ameketi uani, amenyolewa asubuhi ile, kichwa chake kipya na kidogo kama cha mtoto. Hakuinuka.

"Kamwene," mama alisema.

"Kamwene." Aliangalia pembeni. "Nilileta fungu lako kwa mikono yangu. Wengine niliwatuma watoto, lako nilileta mimi. Nikakohoa. Ukaendelea kusaga. Nikasema, basi, hata nyama yangu hataki kuipokea kwa neno moja."

"Sikukusikia, mama. Nyama yako aliipokea Nyapara. Ameila yote na kikapu nusu. Usiku kucha amenisomea risala."

Mama Zakayo aligeuka taratibu. "Yote?"

"Na ngozi."

"Mbwa wako ana tumbo la Bwana Shauri wa bomani." Kona moja ya mdomo wake ilisogea. Kisha ikatulia, kwa sababu mama alikuwa ameweka kikapu chini mbele yake, na ndani yake ulionekana unga, mwekundu wa kahawia.

Zakayo alikuwa akipasua kuni, naye akasimamisha shoka. Nilisikia kijito. Mama Zakayo aliuchota unga kwa vidole, akaunusa, akaukung'uta.

"Zakayo, weka sufuria motoni."

Aliupika mwenyewe. Ulichukua muda wote duniani. Nilitazama povu likipanda na mwiko ukizunguka, nikawaza kila kitu kinachoweza kutokea: kwamba ataumwaga, kwamba ataumwagia mama, kwamba atakunywa na kuanguka, na wakiulizwa mimi ndiye shahidi. Aliumimina katika kata, mvuke ukapanda kwenye uso wake uliokuwa na mifupa mingi kuliko zamani. Mama akanyoosha mkono. Alitaka kuonja kwanza, kama inavyotakiwa, kama ambavyo hakufanya siku ile. Vidole vyake vilikuwa vimeshagusa kata.

Mama Zakayo aliivuta kata kwake.

"Acha," alisema.

Akanywa. Akanywa akitutazama juu ya ukingo, koo likipanda na kushuka, mpaka kata ikainuka juu na uso wake ukafichika nyuma yake. Alipoishusha ilikuwa tupu. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Mama alikuwa bado amenyoosha mkono wake hewani, hajui pa kuuweka, na mimi nilimkazia macho Mama Zakayo mdomoni, nikingoja atapike, na niliendelea kungoja hata baada ya wao kuanza kuzungumza habari za mbegu.